Nyumba ndogo yenye giza: uvunje ukuta, upanue madirisha au utoboe paa?

Chukua nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam: tofali za saruji za inchi 6, mita 8 kwa 7, paa la bati, dari ya jipsamu. Sebule ya mita 3 kwa 4 iko mbele, jiko la mita 3 kwa 2.5 liko nyuma yake, korido ya mita 1.2 katikati, vyumba viwili upande wa pili. Sebule ina dirisha moja la mbele la mita 1.2 kwa 1.2. Upande wa pembeni jirani ameinua ukuta wake hatua mbili kutoka kwako. Adhuhuri jua linawaka nje, na ndani taa nayo inawaka.

Mwenye nyumba hii akiita mafundi watatu atapata majibu matatu. Fundi wa tofali atasema vunja ukuta wa jikoni. Fundi wa aluminiamu atasema weka dirisha kubwa. Fundi wa bati atasema chomeka bati la kupitisha mwanga. Hakuna anayedanganya, ila kila mmoja anauza kazi yake. Hapa chini njia hizo tatu zimewekwa bega kwa bega, pamoja na ya nne ambayo mafundi wengi hawaitaji: vidirisha vya juu ya lenta, yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango.

Kabla ya yote, tenganisha mambo mawili. Nafasi na mwanga si kitu kimoja. Ukuta ukivunjwa hauongezi mwanga hata kidogo. Unaugawa tu ule ulioingia kwa madirisha yaliyopo. Jiko lako likiwa nalo lina giza, utapata chumba kimoja kikubwa chenye giza.

Pima kwanza

Pakua programu ya kupima mwanga kwenye simu. Kipimo chake si sahihi kama cha kifaa cha maabara, ila kinatosha kulinganisha sehemu na sehemu. Zima taa, fungua pazia, pima saa sita mchana mahali patatu: nusu mita kutoka dirishani, katikati ya chumba, na ukuta wa mwisho. Weka simu kimo cha meza, uso wake ukitazama juu.

Katikati pakisoma zaidi ya lux 150 (lux ni kizio cha mwanga), huna haja ya kuvunja chochote. Shida yako ni rangi, pazia na vioo. Dirishani pakisoma 800 na mwisho wa chumba pakasoma chini ya 50, mwanga unaingia lakini haufiki: unahitaji tundu la pili, upande mwingine au juu zaidi. Na kama hata dirishani kwenyewe pako chini ya 200, kuna kitu kinaufunga mwanga nje: ukuta wa jirani, mwembe, kibaraza kirefu, au kioo chenyewe.

Kioo tukiongelee hapahapa, maana ndicho kinachoibia watu wengi bila wao kujua. Kioo cheupe cha mm 5 hupitisha karibu asilimia 88 ya mwanga. Kile cha rangi ya kahawia kinachopendwa sana mijini hupitisha karibu nusu. Wavu wa mbu unakula robo hadi theluthi ya kilichobaki, na fremu ya aluminiamu pamoja na grili nene vinachukua sehemu yao. Kwa hiyo dirisha la mita za mraba 1.44, ambalo kwa sakafu ya mita za mraba 12 ni asilimia 12 na linavuka kile kiwango cha kawaida cha wajenzi cha moja ya kumi, linafanya kazi kama dirisha la nusu mita ya mraba. Kubadilisha vioo tu, bila kugusa fremu, ni kazi ya asubuhi moja. Ukiogopa kuonwa ndani mchana, tumia pazia jepesi jeupe. Kioo cha giza hakikufichi usiku taa ikiwaka.

Kipimo kingine cha kukumbuka: mwanga wa dirisha hufika ndani kwa umbali wa takriban mara mbili ya kimo cha juu ya dirisha kutoka sakafuni. Juu ya dirisha pakiwa mita 2.1, tegemea mwanga wa maana hadi mita 4 na kidogo. Upana wa dirisha huongeza wingi wa mwanga karibu nalo. Kimo ndicho kinachousukuma ndani. Hilo litarudi mara kadhaa hapa chini, kwa sababu nyumba zetu zina lenta, na lenta ipo hasa pale ambapo mwanga ungetaka kupita.

Njia nne kwa ufupi

| | Kupanua dirisha | Vidirisha juu ya lenta | Kuvunja ukuta | Bati la mwanga |
|---|---|---|---|---|
| Mwanga mpya | Wastani, karibu na dirisha | Mzuri, hufika ndani | Hakuna, unagawanywa | Mwingi, katikati ya nyumba |
| Hewa | Inategemea aina ya dirisha | Hutoa joto la darini | Nzuri, ikiwa jiko lina dirisha | Hakuna, bila tundu la kutolea joto |
| Nafasi | Haibadiliki | Haibadiliki | Inaongezeka sana | Haibadiliki |
| Siku za kazi | 2 hadi 4 | 2 hadi 3 | Wiki 3 hadi 4, pamoja na kusubiri zege | 2 hadi 5 |
| Kinachoharibika zaidi | Lenta kupinda, maji ya mvua | Walpleti (mbao iliyolazwa juu ya ukuta kubeba paa) kulegea | Nyufa, paa kushuka | Kuvuja, joto |

Kupanua dirisha

Una pande mbili za kwenda: pembeni au chini. Juu huwezi, lenta ipo.

Kwenda pembeni kutoka mita 1.2 hadi 1.8 unaondoa tofali sita hivi na kupata mita za mraba 0.72 zaidi, yaani nusu ya ulichokuwa nacho. Kazi ni ndogo, swali ni lenta. Chimbua kwa tindo upande wa chini wa lenta, sentimita kumi tu, uone nondo. Ukikuta nondo nne za mm 12 zenye ringi (vyuma vyembamba vinavyozifunga pamoja), mita 1.8 chini ya paa la bati haina shida. Ukikuta mbili za mm 10, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi zilizojengwa kwa kubana matumizi, usivuke mita 1.5 bila mhandisi kuangalia. Acha pia sentimita 60 za ukuta mzima kutoka kona ya nyumba. Kona iliyotobolewa karibu sana hupasuka kwa mshazari kuanzia pembe ya dirisha.

Kwenda chini hadi sakafuni, dirisha likawa mlango wa vioo wa mita 1.2 kwa 2.1, lenta haiguswi kabisa na eneo linaongezeka kwa mita za mraba 1.08. Kwenye karatasi ni kubwa kuliko la kwanza. Kwa mwanga si kubwa hivyo, kwa sababu kioo kilicho chini ya kimo cha meza humulika sakafu ya karibu tu. Lakini kwa hisia ya uwazi hakuna kinacholingana nacho, hasa mlango ukifungukia uani badala ya barabarani. Sebule ya mita 12 za mraba inayoendelea hadi uani haionekani tena kuwa ya mita 12. Hakikisha sakafu ya nje iko chini ya ya ndani kwa sentimita 10 au zaidi, la sivyo masika yatakuingilia sebuleni.

Upande gani? Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni, adhuhuri, jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba liko kusini nyuzi 17 hivi. Kwa hiyo dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.2 linafunikwa na kivuli cha adhuhuri kwa kofia ya sentimita 70 juu yake, na la kusini kwa sentimita 40. Kofia hiyo iwe sawa na juu ya dirisha. Paa lililo juu zaidi linahitaji kutokeza zaidi. Mashariki na magharibi hakuna kofia inayosaidia, jua linaingia kwa ubavu. Dirisha kubwa la magharibi ni joto la saa kumi jioni, na wenye nalo huishia kulifunga kwa pazia zito, giza likarudi palepale. Upepo nao una miezi yake: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba. Tundu moja likitazama upande wa upepo na jingine upande wa pili, hewa inapita. Matundu mawili kwenye ukuta mmoja hayasaidii sana.

Aina ya dirisha inafanya tofauti kuliko bei inavyoonyesha. La kusukuma la aluminiamu hufunguka nusu tu, siku zote. La mita 1.8 kwa 1.2 linakupa mita moja ya mraba ya hewa, pungufu kwa wavu. La bawaba hufunguka karibu lote, ila grili lazima iwe ndani na wavu uwe wa kufungua. Luva za vioo hupitisha hewa kuliko zote na hata wakati wa mvua nyepesi unaweza kuziacha zimeinama, lakini vumbi linaingia na mwizi huzichomoa kimoja kimoja. Kwa sebule tungechukua la bawaba; kwa jiko, luva pamoja na grili.

Mahali kazi hii inapoharibikia ni kizingiti cha chini. Fundi anapachika fremu, anaziba pengo kwa saruji, anaondoka. Mvua ya kusi inapiga ukuta, maji yanatiririka hadi kwenye fremu, yanaingia kwenye pengo, na baada ya mwaka rangi ya chini ya dirisha inavimba. Kizingiti kiwe na mteremko wa kwenda nje, kitokeze sentimita 4 hivi kupita ukuta, na chini yake kiwe na mfereji mdogo wa kukatisha matone. Pengo lizibwe kwa silikoni ya nje. Vijitundu vya kutolea maji vilivyo kwenye reli ya chini ya dirisha la kusukuma visizibwe kwa lipu; vinazibwa mara nyingi mno.

Vidirisha vya juu ya lenta

Kwenye nyumba nyingi, juu ya lenta kuna kozi (safu) tatu za tofali kabla ya kufika walpleti. Kila kozi pamoja na saruji ya kuiunganisha ni sentimita 25, kwa hiyo una ukanda wa sentimita 75 ambao haubebi kitu zaidi ya kenchi (fremu za mbao za paa) zinazoukalia kila baada ya mita 1.2 au 1.5. Katikati ya kenchi na kenchi, ukanda huo umekaa bure.

Kenchi zikiwa kila mita 1.2, toboa kidirisha cha upana wa sentimita 80, sentimita 20 zikibaki kila upande wa kenchi. Ondoa kozi zote tatu kutoka juu ya lenta hadi walpleti. Kwenye ukuta wa mbele wa mita 3 vinaingia viwili, kila kimoja sentimita 80 kwa 70, jumla mita za mraba 1.1. Ulikuwa na 1.44, sasa una zaidi ya 2.5, na sehemu mpya iko kimo cha mita 3, kwa hiyo mwanga wake hugonga dari na kushuka hadi ukuta wa mwisho. Hauhitaji pazia, maana hakuna anayechungulia kimo hicho. Usiku unaviacha wazi. Hewa ya moto iliyojikusanya chini ya dari inatokea hapo.

Mahitaji ni machache: mbao ya pili ya inchi 2 kwa 4 ya kuimarisha walpleti juu ya kila tundu, fremu mbili, kioo cheupe, wavu, grili ya nondo za mm 10. Kata kwa grenda yenye kisu cha almasi pande zote mbili za ukuta kabla ya kugusa nyundo. Ukipiga nyundo kavu, kozi za jirani zinalegea nazo zinabeba kenchi.

Jambo la kuangalia sana ni vifungo vya paa. Walpleti inafungwa ukutani kwa waya au vipande vya chuma vilivyozikwa kwenye lenta au kozi. Ukitoboa mahali penye kifungo, upepo mkali wa mvua unaweza kuinua paa pale. Panda darini na tochi, weka alama kwa chaki penye kila kifungo, kisha ndipo uchore tundu. Kasoro nyingine ni kwamba paa linalotokeza chini sana hufunika sehemu ya juu ya vidirisha. Fisha bodi ya nje (ubao wa ukingo wa paa) ikiwa chini ya mita 2.6 kutoka sakafu ya ndani, njia hii inapoteza nusu ya faida. Paka dari ya nje ya kibaraza rangi nyeupe. Mwanga unaotoka ardhini utarudi ndani.

Kwa gharama dhidi ya mwanga, hii ndiyo njia tunayoiweka mbele ya zote, na kinachoizuia kwa kawaida ni fundi kusema hajawahi kuifanya.

Kuvunja ukuta

Hapa ndipo fedha zinapoenda, na ndipo nyumba zinapopata ufa.

Swali la kwanza ni kama ukuta unabeba paa. Usikubali jibu la kugonga kwa kidole. Panda darini uangalie mbao ya chini ya kenchi inapopita juu ya ukuta huo. Kama kuna maungio ya mbao yaliyokaa juu ya ukuta, au kuna kipande kilichopigwa msumari kati ya kenchi na ukuta, unabeba. Katika nyumba yetu ya mfano kenchi zinavuka mita 7 kutoka mbele hadi nyuma, na ukuta kati ya sebule na jiko uko njiani. Karibu hakika unabeba, hata kama haukuwa umekusudiwa, kwa kuwa mbao zimelegea kwa miaka na kuukalia.

Una chaguo mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

*Kuvunja nusu.* Toboa kuanzia sentimita 90 kutoka sakafuni hadi chini ya lenta, upana mita 1.8. Lenta iliyopo inabaki inafanya kazi yake kwa masharti yaleyale ya nondo yaliyotajwa kwenye madirisha. Hakuna mhimili (bimu) mpya, hakuna mirunda (nguzo za muda za kushikilia paa) kwa wiki tatu. Unaondoa tofali 18 hivi. Ukuta uliobaki unakuwa kaunta: weka slabu ya granito au zege la sentimita 5 lililosuguliwa, upana wa sentimita 40, na viti viwili vya juu upande wa sebule. Anayepika anaonana na walio sebuleni, lakini masufuria hayaonekani na mgeni aliyekaa kwenye kochi.

*Kuvunja wote.* Acha mabega (vipande vya ukuta) ya sentimita 30 kila upande, fungua mita 2.4, na upandishe mhimili hadi chini ya walpleti ili uwazi uwe na kimo cha mita 2.7. Wengine huacha lenta na kufungua chini yake tu. Wanabaki na ukanda wa ukuta wa karibu mita moja unaoning'inia kati ya sebule na jiko, unaozuia mwanga na kushika joto upande wa jiko. Nafuu ni kidogo, hasara ni ya kila siku.

Kwa uwazi wa mita 2.4 chini ya paa la bati, bimu ya zege ya kawaida ni sentimita 15 kwa 30, urefu mita 3 pamoja na kukalia mabega. Nondo mbili za mm 16 chini, mbili za mm 12 juu, ringi za mm 8 kila sentimita 15, kwa hiyo ringi 21. Zege la uwiano wa 1:2:4 ni kama mita za ujazo 0.135, karibu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, nunua miwili. Nondo moja ya mm 16 na moja ya mm 12 za mita 12 zinatosha, na mbili za mm 8. Bimu hii ina uzito wa kilo 320 hivi, kwa hiyo mabega yanayoibeba yachunguzwe: tofali zilizopasuka zibadilishwe, au uweke nguzo ya zege ndani ya kila bega, nondo zikianzia kwenye msingi. Lenta uliyoikata usiiache ikielea. Chimbua nondo zake sentimita 50 hadi 60 kila upande, uzikunje na kuzisuka kwenye nguzo hizo. Mhandisi azione namba hizi pamoja na nyumba yenyewe kabla ya kusuka. Ni kazi ya saa moja kwake, na kibali cha halmashauri kitahitaji mchoro wake vilevile.

Mfuatano: zima umeme kwenye swichi kuu, ondoa swichi na soketi za ukuta huo, fuatilia mabomba ya maji. Simamisha mirunda pande zote mbili, sentimita 60 kutoka ukutani, kila mita 1.2, juu ikikamata mbao ya inchi 2 kwa 6 iliyobana kenchi, chini ikikaa juu ya mbao ili isitoboe sakafu. Kata kwa grenda, toa tofali moja moja kutoka juu kwenda chini. Suka, funga boksi la mbao, mwaga zege, shindilia kwa kipande cha nondo hadi hewa iishe, mwagilia maji siku saba. Mirunda ikae siku 14 kwa uchache. 21 ni bora. Wengi huitoa siku ya tano kwa kuwa zege "limekauka". Linakauka, ila halijakomaa: bimu inapinda milimita chache, na miezi miwili baadaye dari ya jipsamu inachora mstari juu yake.

Andaa pia pa kupeleka kifusi. Tofali 55, lipu na kipande cha lenta ni takriban tani 2.4, mita za ujazo mbili zikishavunjika. Vipande vigumu vinafaa kujazia kibarazani chini ya zege; usimwage mtaroni.

Vipi chuma badala ya zege? Chuma cha umbo la I kinawekwa siku moja na mirunda inatoka haraka, hiyo ni faida kweli kama familia inaishi ndani. Kwa pwani, hewa ya chumvi inakitafuna: safisha kutu hadi chuma king'ae, paka red oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mara mbili, kizungushie wavu kabla ya lipu ili lipu isibanduke. Usikubali bomba la skweya (chuma cha mraba kilicho wazi ndani). Ni jepesi, fundi wa kuchomelea analo, na linapinda kimyakimya.

Halafu kuna suala la moto. Mkaa ndani ya jiko lililounganishwa na sebule haufai, kwa moshi na kwa masizi yatakayopanda dari nzima. Kama mkaa bado unatumika, jiko lake libaki uani na la ndani liwe la gesi, mtungi ukiwa nje, mpira ukipita ukutani ndani ya bomba. Na kama nyumbani wageni wa baraza hawaonani na jikoni, kuvunja wote ni kununua tatizo. Kaunta yenye pazia au kizuizi cha kukunja inatosha.

Haya yote ni ya nyumba za tofali. Nyumba ya mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, haitobolewi kwa hesabu hizi. Kuta zake nene hubebana, na boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mabadiliko yanahitaji ruhusa ya mamlaka yake.

Bati la mwanga

Nyumba ikibanwa na majirani pande mbili au tatu, juu ndiko kulikobaki. Mita moja ya mraba ya paa inaona anga lote na hutoa zaidi ya mara mbili ya mwanga wa dirisha la ukubwa uleule. Korido ya mita 1.2 isiyo na dirisha haina tiba nyingine.

Nyenzo ni mbili. Faiba ni rahisi, lakini ndani ya miaka michache jua linaigeuza manjano na nyuzi zinatokeza. Polikaboneti, plastiki ngumu, ni ghali zaidi na hudumu, mradi upande wenye kinga ya jua utazame juu. Kinga ipo upande mmoja tu, na karatasi inayouonyesha hubanduliwa mara nyingi kabla fundi hajaisoma. Weka alama kwa kalamu. Nunua yenye migongo sawasawa na bati lako, ukienda dukani na kipande cha bati mkononi. Tofauti ya milimita kadhaa ni mlango wa maji.

Polikaboneti hutanuka. Karatasi ya mita 3, ikipoa usiku na kuchemka mchana kwa tofauti ya nyuzi 40, hubadilika urefu karibu milimita 8. Tundu la skrubu ya mm 6 litobolewe mm 10, na skrubu ikazwe hadi washa ya mpira iguse tu. Msumari wa bati unapasua karatasi hiyo kabla ya mwaka kwisha. Mapishano ya ncha yawe sentimita 20, ya ubavu mgongo mmoja na nusu.

Chagua ya rangi ya maziwa. Angavu kabisa huleta duara la jua linalotembea sakafuni, likifika kwenye kochi linalichubua. Hata ya maziwa, mita moja ya mraba adhuhuri huingiza wati 400 hivi za joto, kama pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka kwa nusu ya nguvu. Usizidishe mita moja kwa sebule ya mita 12. Ukiwa na hiari ya upande wa paa, chagua wa kaskazini: huo hupigwa jua zaidi Juni, wakati wa ubaridi, na hupungukiwa Desemba na Januari. Magharibi epuka.

Palipo na dari, jenga kisima cha mwanga: boksi la jipsamu kutoka kwenye papi (mbao zinazobeba bati) hadi darini, limepakwa nyeupe ndani, likitanuka kidogo kuelekea chini. Kwenye mdomo wa chini weka karatasi ya pili ya maziwa inayotolewa kwa usafi, kwa kuwa wadudu watajaa. Acha upenyo wa sentimita 2 wenye wavu juu ya kisima ili joto litoke darini. Grili ya nondo za mm 10 ndani yake ni lazima, mwizi wa paa anaijua njia hiyo. Inamlinda pia fundi: karatasi hii haikanyagwi, na fundi anayepanda baadaye kukarabati antena hataijua isipokuwa umeiwekea alama.

Nyumba ya zamani yenye mabati ya asbesto isikatwe wala kutobolewa. Vumbi lake ni sumu ya mapafu. Ama paa lote libadilishwe na watu wenye vifaa, ama uchague njia nyingine.

Nani achague nini

Nyumba iliyo wazi mbele na nyuma: vidirisha vya juu ya lenta pande zote mbili, na mlango wa vioo wa uani. Nyumba iliyobanwa ubavuni: bati la mwanga kwenye korido, vidirisha mbele, kaunta ya nusu ukuta ili jiko na sebule vigawane. Familia ambayo haitoshei kwenye viti ndiyo yenye sababu ya kuvunja ukuta wote, nayo iongeze dirisha la jiko hadi mita 1.5 kwa 1.2 katika kazi hiyohiyo, la sivyo itakuwa na nafasi bila mwanga. Nyumba ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba kuhusu vioo na rangi tu.

Ukifanya njia mbili pamoja, anza na paa, kisha kuta, madirisha, lipu, dari, rangi, sakafu mwisho. Kazi ya paa iwe kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yamepita na vuli haijafika. Lipu mpya ikae wiki nne kabla ya rangi ya mafuta. Rangi ya maji inavumilia mapema kidogo. Dari iwe nyeupe isiyong'aa, kuta nyeupe au krimu, ambazo hurudisha asilimia 70 hadi 80 ya mwanga. Kahawia na bluu nzito hurudisha chini ya theluthi. Fimbo ya pazia ipitilize dirisha sentimita 30 kila upande ili pazia likifunguliwa likae ukutani, si juu ya kioo. Na ule ukuta wa jirani ulio hatua mbili kutoka kwako, mwombe ruhusa uupake chokaa nyeupe upande wako. Debe moja, asubuhi moja, kisha pima tena kwa simu.